Taa Mbili na Waranti ya Pikipiki Yetu

Najua mtashangaa kumwona muuguzi anaandika habari za pikipiki. Mimi nimezoea kuzungumza na wanawake habari za uzito wa watoto, chanjo na uji wa lishe. Lakini pikipiki iliingia nyumbani mwangu kama mtoto wa mwisho, ikala fedha zetu, kisha ikatugombanisha mimi na mume wangu kwa majuma mawili mazima. Kilichotugombanisha hasa ni kijitabu kidogo cha waranti, ambacho mimi mwenyewe nilikitegemea sana pasipo kukisoma.

Ilikuwa Novemba 2022, yapata saa nane usiku. Muuguzi mwenzangu aliyekuwa zamu alinipigia simu kwamba ana akina mama wawili walioshikwa na uchungu kwa wakati mmoja na yuko peke yake. Nikamwamsha kijana wetu, akawasha pikipiki, tukaondoka. Sisi huku Rubafu tuko kando ya Ziwa Victoria, na usiku wa mvua giza lake ni zito. Tulipoanza kupanda mlima, taa zilififia zikawa nyekundu kama makaa yanayokufa. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Nikasikia harufu ya waya ulioungua.

Kijana alijaribu kuipiga kiki mpaka akatoka jasho. Nikamwacha pale, nikatembea karibu nusu saa kwa tochi ya simu. Namshukuru Mungu, akina mama wote wawili walijifungua salama, ingawa mtoto wa pili alizaliwa nikiwa bado navaa glavu. Asubuhi niliporudi nyumbani nilikuta pikipiki imesukumwa hadi uani, na mume wangu amesimama kando yake, mikono nyuma.

Nikamwambia, "Baba, usihangaike. Ina waranti. Wataitengeneza bure."

Nilisema hivyo kwa kujiamini kwa sababu ni mimi niliyeshinikiza tununue mpya. Mume wangu alitaka ya mkononi, iliyotumika, kwa bei ya chini. Mimi nikasema hapana, kijana ndio kwanza anaanza maisha, tukimpa chombo kibovu atakuwa anafanya kazi ya kumlisha fundi. Chombo kipya kina waranti. Tukatoa 1,500,000 za kahawa, mimi nikakopa 1,000,000 katika kikundi chetu cha VICOBA, tukaongeza akiba, ikatimia 2,750,000. Tuliinunua Aprili 2022 katika duka moja mjini Bukoba. Waranti yake ilikuwa ya mwaka mmoja au kilomita 12,000, lolote litakalotangulia. Siku ile inaharibika ilikuwa na miezi saba na kilomita 8,000 na kitu. Kwa hesabu yangu tulikuwa ndani kabisa ya muda.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipo, na si la mtu mwingine.

Wiki ya kwanza tu, kijana alipeleka pikipiki kwa mchomeleaji wa vyuma akaongezewa keria kubwa ya nyuma. Dereva wa kijijini asiye na keria ya nguvu hawezi kubeba mikungu ya ndizi wala magunia ya dagaa, na abiria peke yao hawatoshi kulipa mkopo. Mchomeleaji hakuifunga kwa bolti. Aliiunganisha moja kwa moja kwenye chasisi kwa moto. Mwezi uliofuata mume wangu akaongeza alamu ya wezi, kwa kuwa jirani alikuwa ameibiwa. Kijana naye akafunga chaja ya simu, kwani abiria wanaipenda. Na mimi, mama wa nyumba, nilipopata posho nilinunua taa mbili kali za spoti kwa shilingi 45,000, zifungwe mbele, ili nikiitwa usiku tuone njia. Kila mtu aliongeza chake bila kumuuliza mwenzake, na wote tulidhani tunaitunza pikipiki.

Jambo la mwisho nililijua baadaye, na hata leo likinijia nacheka. Msimu wa senene ulipofika, kijana na wenzake walikuwa wanaiegesha pikipiki usiku uwanjani, injini imezimwa, taa zangu mbili zimewashwa kuelekea kwenye bati ili senene washuke. Mnaotoka Kagera mnajua namna senene wanavyoifuata taa kali. Walijaza ndoo kwa ndoo, na mimi mwenyewe niliwala, nikasifu!

Basi, tukaipakia kwenye gari la mizigo hadi mjini. Kijana mmoja wa pale dukani alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo mama," akainua siti. Alichokiona ni waya zilizokatwa, zikasokotwa kwa mikono na kufungwa utepe mweusi, nyingine zimepita kando ya fyuzi badala ya kupita ndani yake. Akairudisha siti taratibu.

"Mama, waranti yenu imekufa."

"Imekufaje, na muda bado?"

"Mmeongeza vitu. Ukiongeza vitu, waranti inakufa yote."

Kulikuwa na matatizo mengine mawili tuliyotaka yaangaliwe siku hiyo hiyo. Shokapu za nyuma zilikuwa zinavuja mafuta, na gia ya tatu ilikuwa inachomoka yenyewe dereva akiwa mwendoni, jambo la hatari sana mlimani. Kijana wa duka hakuyaangalia kabisa. Akaandika makadirio ya vyote vitatu, jumla inazidi laki tano, nilipe mimi. Niliona aibu mbele za watu. Nikakunja karatasi nikaondoka.

Nyumbani maneno yakaanza. Mume wangu akasema kama tungenunua ya mkononi tungebakiwa na fedha za kuitengeneza. Mimi nikasema alamu ni yake. Akasema taa ni zangu. Kijana akanyamaza, akawa anakula haraka na kutoka nje. Na siku ya marejesho VICOBA ikawa inakaribia. Akina mama mliokopa kwa ajili ya watoto mnajua usingizi wa siku hizo ulivyo.

Usiku mmoja nikakitoa kile kijitabu kwenye sanduku la vyeti. Kiliandikwa kwa Kiingereza, herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Nilisomea uuguzi kwa Kiingereza, lakini ilibidi nikae na kamusi. Nilichokikuta kilikuwa tofauti na maneno ya yule kijana. Mtengenezaji alikuwa anaahidi kutengeneza au kubadilisha bure kitu chochote kilichoharibika kwa kasoro ya malighafi au ya uundaji. Hakuahidi vitu vinavyolika kwa matumizi, kama breki, tairi, cheni na balbu. Na hakuahidi madhara yanayotokana na kubadilisha chombo, kukizidishia mzigo, au kutokipeleka kwenye huduma kwa wakati. Kitabu hakikusema ukiongeza kitu chochote basi waranti yote inafutika. Kilisema madhara yanayotokana na kilichoongezwa.

Nililisoma neno hilo mara tatu. Dada zangu, hili ni jambo ambalo sisi wauguzi tunalifanya kila siku. Mgonjwa akija ana homa na ana jeraha mguuni, huwezi kusema tu jeraha ndilo lililoleta homa. Huenda ni kweli limeoza. Huenda pia ni malaria, na jeraha halihusiki. Unapima kwanza. Nikajiuliza, je, taa zangu mbili zinawezaje kuichomoa gia ya tatu?

Siku zile dada yangu anayeishi Marekani alinipigia simu. Nilipomsimulia, akasema huko jambo hili lina sheria yake tangu mwaka 1975, inayoitwa kwa majina ya wabunge wawili, Magnuson na Moss. Kwa sheria hiyo, kwa kawaida mtengenezaji haruhusiwi kukwambia waranti itadumu kwa sharti la kununua vipuri vya jina lake tu, labda awe anakupa bure. Na akitaka kukataa matengenezo kwa sababu umefunga kitu cha nje, ni juu yake kuonyesha kwamba kitu hicho ndicho kilicholeta uharibifu. Yeye mwenyewe alipofunga redio nyingine kwenye gari lake, hakuogopa habari ya injini.

Hiyo ni sheria ya kwao, nami sikuweza kuipeleka Bukoba. Lakini hata hapa kwetu mnunuzi hajaachwa yatima. Ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, nayo ina sehemu nzima ya kumlinda mlaji, ikiwa ni pamoja na kumkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja. Tume ya Ushindani, ambayo wengi wanaijua kwa herufi FCC, ndiyo inayoisimamia. Ipo pia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ya zamani zaidi, inayotambua kwamba ukimweleza muuzaji, ambaye ndiyo biashara yake, kazi unayotaka kuifanya na kitu na ukategemea ujuzi wake, kitu hicho kinapaswa kuifaa kazi ile. Sikutaka kwenda kwa mtu yeyote na vitisho vya sheria. Ila kujua tu kwamba zipo kulinifanya nisimame wima.

Jambo lililonisaidia kuliko sheria lilikuwa daftari. Tangu siku ya kwanza nilikuwa naandika habari za pikipiki ile kama tunavyojaza kadi ya kliniki ya mtoto: tarehe, kilomita, oili gani, nani ameibadilisha, shilingi ngapi. Mume wangu alikuwa ananitania kwamba nitaipima na uzito. Kitabu cha huduma kilikuwa na mihuri ya duka mahali pote isipokuwa pamoja. Huduma moja kijana aliifanya kwa fundi wa kando ya barabara, kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu njia ya kwenda mjini. Risiti ya oili nilikuwa nimeibana kwa pini ndani ya daftari.

Nikarudi mjini na kijana wangu, na safari hii nikaomba kumwona fundi mkuu. Alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, mikono myeusi kwa grisi. Nikamsalimu, nikamwambia, "Mzee wangu, sikuja kubisha. Ninaomba tuangalie kila ugonjwa peke yake, na kila mmoja tujue umetokana na nini. Ulio wetu tutalipa." Akanitazama, akavuta kigoda, akakaa chini kando ya pikipiki.

Alianza na umeme. Akanieleza kwa uvumilivu, nami nawaeleza ninyi kama nilivyoelewa. Pikipiki ndogo hutengeneza umeme kidogo tu, wa kutosha taa yake, honi, cheche za injini na kuijaza betri. Ukiongeza taa mbili kali, alamu isiyolala na chaja ya simu, matumizi yanazidi kile kinachozalishwa. Betri inabaki na njaa siku zote, na kile kifaa kinachoijaza, rektifaya, kinachemka bila kupumzika mpaka kinaungua. Na waya zikishapita kando ya fyuzi, hakuna cha kukata umeme kabla ya moto. Akanionyesha mahali ambapo ganda la waya lilikuwa limeyeyuka, karibu kabisa na tangi la petroli. Nikanyamaza. Kijana akakiri habari za senene. Mzee akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono ule wa grisi.

Umeme, wetu.

Akaja kwenye shokapu. Kitabu kilisema mzigo usizidi kilo 130, dereva akiwemo. Kijana wangu peke yake ana 68. Mzee akamuuliza anabeba mikungu mingapi. "Minne," akajibu. "Na gunia?" "Mara nyingine." Fundi akaonyesha pia mahali keria ilipochomelewa. Akasema moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma cha chasisi, na kama betri haikutolewa wakati wa kazi ile, umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuharibu vifaa vingine. Betri haikuwa imetolewa.

Shokapu nazo, zetu.

Ilipofika gia, akamwaga oili kwenye beseni, akaichungulia, akafungua injini. Hii ilichukua hadi alasiri. Akatoa kipande kidogo cha chuma kinachosukuma gia, akakizungusha mbele ya macho yake. Kilikuwa kimelika upande mmoja tu, mapema mno kwa kilomita zile. Akasema, "Hii si taa wala keria." Yule kijana wa dukani akakumbusha kwamba kuna huduma moja isiyo na muhuri. Hapo ndipo nilipofungua daftari na risiti ya oili. Mzee akasoma tarehe na kilomita, akalinganisha na kitabu. Alikubali, ingawa nadhani mwenye duka alikubali kwa shingo upande. Kifaa na ufundi wa gia havikutugharimu hata senti. Kwa umeme na shokapu tulilipa 240,000. Tuliumia, lakini ilikuwa chini ya nusu ya karatasi ile ya kwanza.

Nikamwambia mzee, "Kasinge waitu." Naye akanipa mafundisho ya ziada ambayo sikuyalipia. Akasema kava ya siti, vioo vya pembeni au matope ya mpira hayamsumbui fundi yeyote mwenye akili. Kinachotafuta ugomvi ni kitu kinachokata waya, kinachochomelewa kwenye chasisi, au kinachogusa injini, kama vile kubadilisha kabureta, ekzosi au sproketi ili pikipiki ikimbie zaidi. Kama lazima uongeze taa, uliza kwanza duka linalotoa waranti, lifunge lenyewe ikiwezekana, na likuandikie kwenye kitabu kwamba limefunga. Keria ifungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyopo. Na kilichotolewa kisitupwe, kiwekwe ndani ya mfuko nyumbani.

Mimi naongeza mambo mawili niliyoyaona baadaye. Vijana wengi sasa wanapata pikipiki kwa mkopo, na baadhi ya wakopeshaji hufunga kifaa cha kufuatilia chombo kilipo. Nacho kinakula umeme na kimeunganishwa na waya. Mama unayemdhamini mwanao, uliza kabla ya kusaini: kifaa hiki kikileta hitilafu, nani atalipa? Na uliza pia kama waranti inakubali biashara ya kubeba abiria, maana zipo zinazokataa. Yetu haikukataa, ila kwa bodaboda wa mjini kilomita 12,000 zinaweza kwisha kabla hata ya nusu mwaka, na ule mwaka mmoja ukabaki maneno tu.

Kwa wenye magari, wengi wetu tunanunua yaliyotumika kutoka Japani, na waranti ya kiwandani mara nyingi imekwisha zamani. Huko unaongeza kwa hasara yako mwenyewe. Lakini akina mama wa Dar es Salaam wanajua jinsi watu wanavyofunga mitungi ya gesi asilia ili kukwepa bei ya petroli, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ni miongoni mwa wanaoifanya kazi hiyo. Gari lililokwisha kuzeeka halina waranti ya kupoteza. Gari jipya, au la ofisi au la parokia lililonunuliwa jipya, ni vema barua iende kwanza kwa aliyeliuza, na majibu yatunzwe, kwa kuwa gesi inagusa injini yenyewe.

Mume wangu alinisikiliza jioni ile mpaka mwisho. Kisha akaondoka bila neno, akarudi na ile alamu aliyokuwa ameinunua. Fundi alikuwa ameitoa, naye alikuwa ameificha nyuma ya debe la mahindi. Akaiweka mezani. Mimi nikaenda kuleta taa moja kati ya zile mbili. Tulitazamana tukaanza kucheka, na kijana alipoingia alitukuta hivyo.

Taa ya pili imebaki kwenye pikipiki. Mzee aliifunga upya kwa fyuzi yake yenyewe na swichi yake, akaandika kwenye kitabu na kugonga muhuri, nami nikaandika kwenye daftari. Mkopo wa VICOBA niliumaliza Juni 2023, mwezi mmoja baada ya siku niliyoahidi, na nililipa faini. Bado naitwa usiku, na mlima ule bado tunaupanda.

Senene waliposhuka tena, kijana alikuja jikoni akasimama mlangoni, akauliza kama ile karabai ya babu yake bado inawaka.